Vitabu vinasema 950, sokoni inauzwa 400: hiyo ni bei chee?

"Shikamoo mtaalamu. Ninauza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, mwaka wa nane sasa. Nimejibana nikapata akiba ya shilingi milioni 6. Mdogo wangu anasoma uhasibu pale chuo kikuu cha SAUT, ameniletea hesabu za kampuni moja ya kiwanda iliyoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Anasema ukichukua mali zote za kampuni, ukatoa madeni yote, ukagawa kwa idadi ya hisa, kila hisa ina shilingi 950. Sokoni inauzwa 400. Kampuni imepata hasara miaka miwili mfululizo, lakini yeye anasema hilo lisinitishe, maana hata ikifa leo wakauza kila kitu, nitalipwa 950 zangu. Anasema matajiri wa Marekani walianza hivyohivyo. Niziweke zote? Na kama kuna hatari iko wapi, maana kwenye hesabu siioni. Hizo hesabu nimekuambatanishia."

Marahaba, dada. Umeuliza kama mtu anayeijua biashara, na hilo la mwisho ndilo lililonifanya nikae chini nikuandikie kwa kirefu. Mdogo wako hakukosea kugawanya. Na ni kweli wapo waliotajirika kwa kununua hisa zinazouzwa chini ya thamani ya mali za kampuni. Hatari imejificha kwenye neno moja alilolipita haraka: "wakauza". Nani atauza, atamuuzia nani, lini, na hela ikipatikana nani anaanza kulipwa? Jibu langu fupi ni kwamba milioni 6 zote usiziweke humo. Lakini nataka safari nyingine upige hesabu hii mwenyewe bila kunisubiri, kwa hiyo nivumilie.

Tuanzie hapohapo Mwaloni. Tuseme una magunia arobaini ya dagaa wakavu wanaosubiri lori la kwenda Kongo. Kwenye daftari lako umeyaandika kwa bei ya Kongo, na daftari haliongopi ilimradi jua linawaka na lori linakuja. Sasa mvua ikanyesha usiku, turubai likavuja. Asubuhi dagaa ni walewale, magunia ni yaleyale arobaini, ila mnunuzi sasa ni mtu wa chakula cha kuku, na bei yake unaijua. Ongeza jambo la pili: soko zima limesikia kwamba Ijumaa unafunga biashara unarudi kijijini. Hata mwenye hela mfukoni atajifanya hana mpaka Ijumaa jioni. Kwa hiyo mzigo mmoja una bei mbili, bei ya mtu anayeendelea na bei ya mtu anayeondoka. Kwenye vitabu vya kampuni huandikwa ile ya kwanza. Hii ya pili ndiyo inayotupa thamani ya ufilisi: kile kinachobaki mkononi mwa mwenye hisa baada ya biashara kufungwa, kila kitu kuuzwa na kila anayedai kulipwa.

Wahasibu hawafanyi hila hapo. Kanuni inawataka waandike hesabu kwa kudhani kampuni itaendelea, mpaka iwe wazi kwamba inafungwa. Mtambo ulionunuliwa kwa bilioni 15 hutolewa uchakavu wa bilioni 1 kila mwaka. Baada ya miaka mitano vitabu vinasoma bilioni 10. Hiyo 10 ni masalio ya kutoa. Hakuna mtu aliyeahidi kuulipia mtambo huo bilioni 10.

Sasa tuichukue hiyo mizania mliyonitumia, yaani orodha ya mali na madeni ya kampuni. Nimezungusha tarakimu ili kampuni isitambulike, ila uwiano ni uleule. Hisa ni milioni 20. Mali zote bilioni 35, madeni bilioni 16, zinabaki bilioni 19. Gawa kwa hisa, ndiyo hiyo 950. Tuzipitie mali moja moja kwa jicho la dalali wa mnada.

Fedha benki ni bilioni 1.2. Iache ilivyo, ila kumbuka ni fedha ya siku vitabu vilipofungwa, na kampuni inayokula hasara haikai nayo mpaka uisome. Wadaiwa ni bilioni 6. Wewe unakopesha watu, unajua mteja hulipa kwa sababu wiki ijayo atahitaji mzigo tena. Akisikia umefunga, simu haipokelewi. Nakata asilimia 30, inabaki 4.2. Malighafi na bidhaa ghalani ni bilioni 7. Malighafi ina wanunuzi, bidhaa iliyokamilika itauzwa kwa punguzo, ila ile iliyoko nusu njia ndani ya mashine haina mwenyewe. Naweka asilimia 45, ambayo ni bilioni 3.15.

Mitambo, bilioni 10. Hapa ndipo watu wengi huumia, kwa hiyo nitakaa kidogo. Kuna mwaka nilimsaidia mfilisi, yule anayepewa kazi ya kuuza mali za kampuni inayofungwa na kulipa wadai, kuorodhesha mali za kiwanda kimoja cha minofu ya sangara kwenye mwambao huu wa ziwa, jina naliacha. Vitabuni mashine ya kutengenezea barafu ilikuwa na thamani kubwa kuliko magari yote ya kiwanda kwa pamoja. Siku ya ukaguzi tukakuta nyaya za shaba zimekatwa usiku. Akaja mnunuzi mmoja aliyekuwa na nia ya kweli. Akaizunguka mashine mara mbili, akaangalia mlango, kisha akauliza swali moja tu: "Nani anabomoa ukuta niitoe?" Jengo lilikuwa limejengwa kuizunguka mashine. Tulipojibu kwamba ni juu yake, akapunguza bei papo hapo. Na wauzaji hatukuwa peke yetu. Samaki wanapopungua ziwani hawapungukii kiwanda kimoja. Majirani nao walikuwa wanatafuta wateja wa majokofu yaleyale mwezi uleule.

Usidhani hayo ni ya kwetu tu. Huyo tajiri ambaye nadhani mdogo wako anamsema, Warren Buffett, alianza kununua hisa za kiwanda cha nguo cha Berkshire Hathaway, huko Massachusetts, Marekani, mwaka 1962, kwa dola 7 na nusu hivi, kwa mantiki hiihii: bei ilikuwa chini ya thamani ya mali. Kazi ya nguo aliifunga mwaka 1985. Kwa maelezo yake mwenyewe, mitambo ile iligharimu dola milioni 13 na vitabuni ilibaki dola 866,000. Mnadani ilileta dola 163,122, na ukitoa gharama za kuiuza hakukubaki kitu. Mashine za kufuma zilizonunuliwa mwaka 1981 kwa dola 5,000 kila moja zilikosa mnunuzi hata kwa dola 50, zikaishia kuuzwa kama chuma chakavu kwa dola 26, ambayo ilikuwa pungufu ya gharama ya kuzihamisha. Sisi wa Kanda ya Ziwa tuliokua tukipita kando ya vinu vya pamba vilivyosimama hatuna haja ya kufika Massachusetts kuelewa hilo. Kwa mitambo yenu naweka asilimia 20, bilioni 2, na naona nimekuwa mkarimu.

Ardhi na majengo bilioni 9, nachukua asilimia 75, yaani 6.75; nitarudi hapa. Imebaki bilioni 1.8 ya jina la biashara, programu za kompyuta na nafuu ya kodi ambayo kampuni inatarajia kuitumia siku ikipata faida. Kampuni iliyokufa haipati faida. Weka sifuri.

Jumlisha: bilioni 17.3 badala ya 35. Asilimia zangu si za sheria yoyote. Mhasibu mwingine ataweka zake. Mimi huzipiga mara tatu, kwa mkono mwepesi, wa kati na mzito, nione jibu linayumba kiasi gani.

Upande wa pili hakuna punguzo. Bilioni 16 za madeni zinabaki 16, kwa sababu wadai hawatasamehe eti mashine imeuzwa kwa hasara. Kwa hiyo 17.3 toa 16, inabaki bilioni 1.3, sawa na shilingi 65 kwa hisa. Hapo bado hatujamlipa mfilisi, wanasheria, walinzi wa miezi yote ya kusubiri mnada, na stahiki za kuachishwa kazi ambazo mizania ya kampuni inayoendelea haikuziandika. Nikikadiria bilioni 1.5, tumeingia chini ya sifuri. Ile 950 ya mdogo wako imekwisha.

Nisahihishe hapohapo hilo la "nitalipwa". Kampuni ikifilisiwa, benki yenye rehani inachukua kwenye rehani yake. Zinalipwa gharama za ufilisi, na kodi na mishahara ya wafanyakazi inapewa kipaumbele cha kisheria. Wanafuata wauzaji waliokopesha bila dhamana. Mwenye hisa ndiye wa mwisho kunawa. Akifika kwenye sinia anakuta miba ya sato.

Baba wa njia hii ya kununua hisa chini ya thamani ya mali, Mmarekani Benjamin Graham, alikuwa na chujio gumu kuliko hesabu ya mdogo wako. Mitambo na ardhi hakuzihesabu kabisa. Alichukua fedha, wadaiwa na bidhaa za ghalani, akatoa madeni yote, kisha akataka hisa iuzwe chini ya theluthi mbili ya kilichobaki. Kwenu ni 1.2 na 6 na 7, jumla 14.2, toa 16. Mnaanza na hasi 1.8. Graham angefunga kitabu kabla chai haijapoa.

Sasa turudi kwenye ardhi, maana hapo vitabu vinaweza kukosea kwa faida yako. Kampuni iliyopata kiwanja cha viwandani Nyakato miaka ya 1970 inaweza kuwa bado inakiandika kwa bei ya miaka hiyo, huku thamani halisi imepanda mara nyingi. Hisa za namna hiyo ndizo mimi huzitafuta. Tuseme mthamini aliyesajiliwa anakuambia ardhi na majengo yataleta bilioni 14 mkononi, baada ya kodi ya faida ya mauzo, ambayo kwa kampuni ni asilimia 30. Weka 14 mahali pa 6.75: jumla inakuwa 24.55, toa 16, toa 1.5 ya gharama, inabaki 7.05. Kwa hisa ni shilingi 352. Bado haijafika 400 unazoulizwa leo. Na ufilisi ukichukua miaka mitatu, ukataka fedha yako izae asilimia 12 kwa mwaka, hiyo 352 ya baadaye leo ina thamani ya kama 250. Uliza pia hati imebakiza miaka mingapi, maana hati zetu ni za miaka 33, 66 au 99, na kama benki imeshaishika.

Lipo swali lingine ambalo vitabu havilijibu: nani ana ufunguo wa sanduku? Mwaka 1926 Graham aligundua kampuni ya mabomba ya mafuta iitwayo Northern Pipe Line. Hisa iliuzwa dola 65, na ndani kampuni ilikuwa na dhamana za reli na mali nyingine nyepesi kuuzika za kama dola 95 kwa hisa. Si mashine, ni karatasi ambazo zingegeuzwa fedha kwa wiki. Akaomba wanahisa wagawiwe, uongozi ukakataa. Akasafiri mpaka kwenye mkutano mkuu huko Pennsylvania, na hakuruhusiwa hata kusoma hoja yake kwa kuwa hakupata wa kumuunga mkono. Akarudi mwaka uliofuata na hati za uwakilishi, yaani ruhusa ya wanahisa wengine awapigie kura, akapata viti viwili kwenye bodi, ndipo kampuni ikagawa dola 70 kwa hisa. Mali ilikuwepo muda wote. Ilichokosa ni mtu wa kuilazimisha itoke.

Wewe kwa milioni 6 utapata hisa 15,000, sawa na hisa 75 katika kila laki moja. Kisheria, kudai mkutano maalumu wa wanahisa kunahitaji asilimia 10 ya mtaji. Kwa kampuni hii ni shilingi milioni 800 kwa bei ya leo. Kuamua kwa hiari kampuni ifungwe kunahitaji robo tatu ya kura. Na kampuni nyingi za Dar zina mwenye hisa mmoja mkubwa ambaye bila yeye hakuna linalopita. Fungua ukurasa wa wanahisa wakubwa umtafute. Kama ni yeye anayeifanya kampuni iendelee kula hasara, hakuna mnada utakaokuja kukuokoa. Ikipoteza bilioni 1 kwa mwaka, shilingi 50 za kila hisa zinayeyuka wakati wewe unasubiri.

Ndiyo maana hao wa Marekani hawakununua moja. Walinunua makumi kwa pamoja, wakijua kadhaa zitakufa na chache zitalipia zote. Soko letu lina kampuni takriban thelathini, na benki kati yake ni nyingi. Benki huzipimi hivi kabisa, kwa sababu "mali" yake ni mikopo ya watu na anayedai ni mwenye akiba. Kapu la kujaza halipo. Jambo lingine, hisa za kampuni ndogo huuzwa kwa kubahatisha. Unaweza kuweka agizo la kuuza likakaa wiki nzima bila mnunuzi, wewe uliyezoea kwamba dagaa wakishakauka, wanunuzi wapo kabla ya saa nne.

Sisemi hisa hii haitapanda. Kiwanda kinaweza kuamka, au atokee mtu wa kukinunua chote, na 400 ikawa 700. Lakini hapo utakuwa umenunua matumaini ya biashara kuamka, na hayo yanahitaji maswali mengine: malighafi inatoka wapi, umeme unagharimu nini, nani anauza sawa nao kwa bei ndogo. Mimi ningebadili mawazo kama hasara ingesimama, deni la benki lingeshuka kwa kuuza kitu halisi, na gawio lingeanza kulipwa.

Kuhusu milioni 6 zako, tenga kwanza hela ya mzigo. Siku za mbalamwezi wavuvi wa dagaa wanapopumzika na bei inaruka, mwenye fedha mkononi wewe unajua anavyofanya; faida hiyo hakuna hisa ya kukuahidi. Kinachobaki kinaweza kukaa kwenye hatifungani za serikali au mfuko wa pamoja wa UTT AMIS, taasisi ya serikali inayowekeza fedha za watu wengi kwa pamoja, bila kukunyima usingizi. Kama bado unataka kujifunza soko, laki tatu inatosha: hisa 750, na utasoma ripoti zao kwa macho ya mwenye mali.

Kuna mambo ambayo kuandikiana hakutoshi. Kama umeshachukua mkopo, wa kikoba au wa benki, kwa ajili ya hisa hizi, nenda kaonane na mshauri au dalali mwenye leseni ya CMSA, mamlaka inayosimamia masoko ya mitaji, kabla hujafanya lolote, na hiyo leseni ihakikishe wewe mwenyewe. Kama unamiliki hisa za kampuni iliyokwisha kutangaza kufungwa, mtafute wakili ukiwa na taarifa yako ya akaunti ya CDS, ile inayoonyesha hisa unazomiliki, kwa sababu matangazo ya mfilisi huwa na tarehe za mwisho. Na mtu akikuambia utume fedha za hisa kwenye namba yake ya simu, mwache na mazungumzo yake.

Mdogo wako naye nina kazi yake. Nyuma ya mizania kuna maelezo ya hesabu. Aende kwenye maelezo ya mikopo aone ni mali gani imewekwa rehani, kisha kwenye kesi zilizoko mahakamani na madai ya kodi yanayobishaniwa, kisha aisome barua ya mkaguzi aone kama kuna sentensi inayotilia shaka kampuni kuendelea. Akimaliza apige upya hesabu kwa asilimia zake mwenyewe, sio zangu, na aniletee.